Nauli Ilishalipwa: Historia ya Kupanda Basi Louisville



Kwenye kipindi kilichopita tuliwauliza swali jepesi tu: unaona aibu kupanda basi? Majibu yakamiminika. Kutoka hapa Louisville, kutoka Columbus, kutoka Buffalo, wengi wenu mlisema jambo lilelile kwa maneno tofauti. Basi ni la mtu aliyekwama. Ni la miezi ya kwanza, mkiwa mmetoka kambini juzi, kabla baba hajapata leseni. Siku mkinunua gari, hata likiwa bovu na mkopo wake unakula nusu ya mshahara, basi mmefika Marekani.

Mimi naishi Shively, karibu na Dixie Highway, na maneno hayo nayasikia kwenye kila harusi na kila matanga. Siwalaumu wanaoyasema. Ila nataka tukae chini kidogo tuangalie historia, kwa sababu basi la mji huu halikuletwa kama sadaka kwa maskini. Watu walipigwa kwa ajili ya kiti kile, wakakamatwa, wakaenda mahakamani wakashinda. Miaka mia moja baadaye wananchi wakapiga kura kukilipia kodi. Sasa sisi tukisema ni kiti cha aibu, tunakubaliana na wale waliotaka watu wetu wasikikalie.

Neno moja kabla sijaanza. Kwa Kiswahili tunasema usafiri wa umma. Umma ni neno zito. Maana yake ni watu wote kwa pamoja, bila kuchagua. Lishikeni neno hilo, tutalirudia.

Jumapili moja, mwaka 1870

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vimekwisha miaka mitano tu. Utumwa umefutwa kwa sheria. Mjini Louisville watu wanasafiri kwa tramu, yaani gari la abiria linalopita juu ya reli katikati ya barabara, na tramu za wakati huo zilivutwa na nyumbu. Mtu mweusi nauli yake wanaipokea, lakini kukaa ndani kama abiria wengine, hapana.

Tarehe 30 Oktoba, siku ya Jumapili, wanaume watatu weusi walipanda tramu ya kampuni ya Central Passenger kwenye kona ya Tenth na Walnut, karibu na kanisa la Quinn Chapel. Walikuwa Robert Fox, ndugu yake Samuel Fox, na Horace Pearce. Wakalipa, wakaketi. Dereva akawaambia watoke. Wakakataa. Wakaitwa madereva wengine, wakawavuta na kuwatupa nje kwa mateke. Nje kulikuwa na umati wa watu weusi wakitazama, maana jambo hili halikutokea kwa bahati. Lilikuwa limepangwa. Wale watatu wakarudi ndani wakakaa tena.

Polisi walipofika, waliokamatwa ni waliopigwa, siyo waliopiga. Mahakama ya mji ikawatoza faini ya dola 5 kila mmoja kwa kosa la kufanya fujo.

Hapo ndipo wengi wangekata tamaa. Lakini Robert Fox na wenzake walijua kitu. Wakati ule mahakama za jimbo la Kentucky hazikukubali ushahidi wa mtu mweusi dhidi ya mzungu, kwa hiyo kubaki huko ni kupoteza muda. Fox akaenda kwenye mahakama ya shirikisho. Mei 1871 akashinda kesi. Fidia aliyopewa ilikuwa dola 15. Nawaza kwamba kampuni ilicheka iliposikia kiasi hicho, lakini hoja haikuwa pesa. Sheria ilikuwa imeshasema: ana haki ya kukaa.

Kampuni zikaendelea kukaidi, na hapo vijana wakaingia. Wanapanda, wanakaa. Dereva anasimamisha tramu, anashuka, anaondoka zake. Wao wanabaki wameketi. Wengine wakaona isiwe tabu, wakashika hatamu za nyumbu wakaendesha wenyewe! Makundi ya wazungu yakawavamia barabarani. Mji ukachafuka kwa siku kadhaa, na mwishowe kampuni zikasalimu amri. Tangu hapo watu wa rangi zote wakakaa pamoja kwenye tramu za Louisville, hata miaka ya baadaye wakati miji mingi ya Kusini ilipotunga sheria za kuwatenganisha abiria.

Hebu pigeni hesabu. Rosa Parks alikataa kuachia kiti chake kule Montgomery tarehe 1 Desemba 1955. Hapa Louisville jambo hilo lilikuwa limeshapiganiwa miaka 84 kabla yake. Shuleni hatukufundishwa, si ndiyo?

Kinachonigusa mimi ni kwamba wanaume wale hawakudai wapewe gari lao wenyewe. Walidai kile cha wote. Walikuwa wanauliza swali moja tu: sisi ni umma, au siyo?

Barabara ikameza reli

Miaka ikaenda. Nyumbu wakapumzika, tramu zikaanza kutumia umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20 zilikuwepo tramu za umeme za masafa marefu zilizotoka mjini kwenda mashambani, na moja ilipita upande wetu huu wa kusini-magharibi mpaka Orell. Yaani mtu wa huku kwetu aliweza kwenda mjini bila gari, zamani hizo, kabla Dixie haijaitwa Dixie.

Mwaka 1915 ukaanza mradi wa Dixie Highway, mtandao wa barabara wa kuunganisha majimbo ya kaskazini, mpaka Michigan, na Miami kule Florida. Uliwalenga wenye magari, na wakati huo mwenye gari alikuwa mtu wa nafasi. Tawi moja likapita hapa. Tramu ya Orell ikaachwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1948 tramu ya mwisho ya Louisville ikastaafu. Yakabaki mabasi, na barabara ikapanuka.

Shively yenyewe ni mtoto wa miaka hiyo. Marufuku ya pombe ilipofutwa mwaka 1933, viwanda vya wiski vikajengwa hapa, nje kidogo ya mpaka wa Louisville. Louisville ikataka kuvimeza ili ipate kodi. Watu wa hapa wakaiwahi, wakajisajili kuwa mji wao wenyewe mwaka 1938. Baada ya vita zikaongezeka nyumba, moja baada ya nyingine, kila moja na maegesho yake. Ulikuwa mji wa kwenda kwa gari, na pia ulikuwa mji wa wazungu.

Mwaka 1954 Andrew Wade, fundi umeme mweusi aliyekuwa ametumikia jeshi, alitaka kununua nyumba nje ya mji kama wenzake. Hakuna aliyekubali kumuuzia. Basi wazungu wawili, Carl na Anne Braden, wakainunua nyumba moja hapa Shively kwa jina lao kisha wakamhamishia yeye na mkewe Charlotte. Majirani walipogundua, msalaba ukachomwa moto karibu na nyumba, mawe yakavunja dirisha, risasi zikapigwa. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Juni bomu likalipua upande mmoja wa nyumba. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Na unajua nani alifungwa? Hakufungwa mlipuaji. Carl Braden ndiye aliyeshtakiwa kwa uchochezi dhidi ya serikali na kuhukumiwa miaka 15. Alikaa ndani miezi kadhaa kabla hukumu haijabatilishwa.

Unaweza kuuliza, hii inahusiana vipi na mabasi? Inahusiana sana. Mwaka 1871 watu weusi walishinda haki ya kukaa ndani ya tramu. Lakini mji ulipohamia kwenye magari, maisha mazuri yalisogezwa mwisho wa barabara, kwenye nyumba ambazo hawakuruhusiwa kuzinunua. Hukuwa na haja tena ya kumfukuza mtu kwenye kiti. Unakihamisha tu kile anachokwenda kukitafuta.

Na ile kona ya Tenth na Walnut? Mtaa wa Walnut ulikuja kuwa kitovu cha biashara za watu weusi: maduka, kumbi za muziki, ofisi. Miaka ya 1960 serikali ikaubomoa karibu wote kwa jina la kuufufua mji. Ninth Street ikapanuliwa, na mpaka leo watu wanaitaja kama ukuta unaotenga upande wa magharibi na katikati ya mji. Mwaka 1978 Walnut ikapewa jina jipya, Muhammad Ali Boulevard.

Ali mwenyewe, mnajua hadithi yake inaanzia wapi? Inaanzia kwenye baiskeli. Oktoba 1954, miezi michache tu baada ya bomu la Shively, mvulana wa miaka 12 aitwaye Cassius Clay aliibiwa baiskeli yake mjini Louisville. Akaenda kulalamika kwa polisi aitwaye Joe Martin, akasema akimpata mwizi atamchapa. Martin, ambaye alikuwa anafundisha ngumi, akamwambia ajifunze kupigana kwanza. Miaka 20 baadaye mvulana yule alikuwa Kinshasa, baba zetu na babu zetu wakimshangilia dhidi ya George Foreman. Tarehe ilikuwa 30 Oktoba 1974. Ndiyo, siku ileile ya Robert Fox.

Kura ya 1974

Wiki moja baada ya pambano la Kinshasa, watu wa Louisville na kaunti ya Jefferson walikwenda kupiga kura. Kampuni binafsi ya mabasi ilikuwa imechoka kabisa. Swali lilikuwa hili: mko tayari kukatwa asilimia 0.2 ya mapato ya kazi ili mabasi yawe ya umma? Wakakubali. Hivyo ndivyo TARC ilivyoanza.

Simamieni hapo kidogo. Asilimia 0.2 maana yake ni senti 20 kwa kila dola 100. Kila anayefanya kazi katika kaunti hii anachangia. Mama yako anayepanga mizigo ghalani usiku anachangia, awe anapanda basi au hapandi. Kaka yako anayeendesha lori anachangia. Kwa hiyo unapopanda, hujapewa hisani na mtu. Sehemu kubwa ya nauli ilishalipwa kabla hujafika kituoni, na mmoja wa walioilipa ni mama yako.

Kwa bahati, mwaka huohuo wa 1974 Tanzania ilianzisha UDA, Usafiri Dar es Salaam, ili mabasi ya jiji yawe mikononi mwa umma. Ilipozidiwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980 yakaruhusiwa mabasi madogo ya watu binafsi. Nauli yake ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo mtaani iliitwa dala, na ndiyo asili ya neno daladala. Mei 2016 Dar ikaanza Mwendokasi: mabasi marefu yenye njia yao peke yao, kutoka Kimara mpaka Kivukoni, gari binafsi haliruhusiwi kuingia humo. Mwaka 2018 jiji hilo likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Mwendokasi ina matatizo yake, mabasi yanajaa mpaka mlangoni, waulizeni binamu zenu. Lakini jiji lilikuwa limefanya uamuzi: kipande hiki cha lami ni cha abiria.

Dixie yetu

Watu wa hapa wameipa Dixie Highway jina la utani ambalo kwa Kiswahili ningesema Barabara ya Kifo. Siyo mzaha. Njia za magari ni nyingi, magari yanakimbia, na mahali pa kuvuka kwa miguu ni pachache. Dereva akigonga mtu, swali la kwanza linakuwa: alikuwa anavuka wapi? Ni nadra kuulizwa: angevukia wapi?

Mwaka 2015 Louisville ilipata dola milioni 16.9 kutoka serikali ya shirikisho kuirekebisha. Vikajengwa vizuizi katikati ya barabara, vikaboreshwa vituo na njia za waendao kwa miguu, na Januari 2020 likazinduliwa basi la Dixie Rapid, namba 10, lenye vituo vichache na taa zinazolipa kipaumbele. Ni jambo jema kwelikweli. Ila tofauti na Mwendokasi, basi letu bado linapita katikati ya magari mengine. Foleni ikiwepo, na lenyewe limo. Kwa hilo Dar imetutangulia.

Wenzetu wa Buffalo, nyinyi mna kisa ambacho kila kijana anapaswa kukijua. Desemba 1995 msichana mweusi wa miaka 17 alikuwa anakwenda kazini kwenye jengo kubwa la maduka nje ya mji. Basi namba 6, lililotoka kwenye mitaa ya watu weusi, halikuruhusiwa kuingia kwenye eneo la maduka. Lilishusha abiria ng'ambo ya Walden Avenue, barabara ya njia saba za magari. Akiwa anavuka aligongwa na lori, akafariki. Familia yake ilikwenda mahakamani, na kesi ikamalizika kwa fidia mwaka 1999. Hakuna aliyemwambia msichana yule ashuke kwenye kiti, kama walivyoambiwa akina Fox. Walikisogeza kituo tu.

Na nyinyi wa Columbus mna habari ya kufurahisha. Tangu Januari 2018 basi la haraka la CMAX linapita Cleveland Avenue, upande ambao Wasomali wengi wana maduka yao. Novemba 2024 wapiga kura wa huko walikubali kuongeza kodi ya mauzo kwa nusu senti kwa dola, ili zijengwe njia zaidi za mabasi ya haraka pamoja na njia za miguu na baiskeli. Walifanya kile ambacho Louisville ilifanya mwaka 1974.

Sisi je? Wengi wenu mliyaona wenyewe. Tarehe 9 Agosti 2023, siku ya kwanza ya shule, ratiba mpya ya mabasi ya shule za kaunti ya Jefferson ilivurugika, na mtoto wa mwisho alishushwa karibu saa nne usiku. Shule zikafungwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata, kwa uhaba wa madereva, wanafunzi wengi wa shule maalum wakaondolewa kabisa kwenye mabasi. TARC nayo, pesa za dharura za wakati wa korona zikikaribia kuisha, ikapunguza safari zake mwaka 2024, na baadhi ya madereva wake wakahamia kwenye mabasi ya shule. Mzazi mwenye gari na kazi ya mchana alijipanga. Mzazi anayetoka zamu ya usiku, asiyejua kuendesha, alilazimika kuchagua: shule nzuri iliyo mbali, au shule ambayo mtoto anaweza kuifikia.

Kwa hiyo tufanye nini?

Sijasema muuze magari yenu. Zamu ikiisha saa tisa usiku, mwezi wa Januari, na hakuna basi, gari siyo anasa. Najua pia kwamba kwa wazazi wetu gari ni heshima, na heshima hiyo wameitolea jasho. Lakini tusisahau wanaobaki nyumbani wakati gari limeondoka. Bibi ambaye kule Uvira au Nyarugusu alikwenda sokoni kwa miguu yake, akasalimia watu kumi njiani, sasa anamsubiri mjukuu arudi kazini ndipo afike kanisani au dukani. Yule naye ni umma.

Historia hii inanionyesha kwamba kila kitu kwenye barabara yetu kiliamuliwa na mtu. Reli haikujing'oa. Kituo hakikujisogeza. Na kila mara mambo yalipobadilika, walikuwepo watu waliokataa kunyamaza: watatu kwenye tramu, vijana walioshika hatamu, wapiga kura wa 1974. Bodi ya TARC hukutana hadharani. Shively ina meya na baraza lake. Dixie ni barabara ya jimbo, na jimbo lina wabunge. Mimi na nyinyi tunazungumza Kiingereza na Kiswahili, kwa hiyo kazi ya kwanza iko wazi: nenda na mama yako au bibi yako kwenye mkutano mmoja, yeye aseme, wewe utafsiri.

Na kwa ajili ya kipindi kijacho, tunawaomba jambo moja. Waulizeni wazee wenu nyumbani: kabla ya kuja Marekani, ulikuwa unafikaje sokoni, shuleni, kwa jamaa zako? Na ulipofika hapa, basi la kwanza ulipanda lipi, ukienda wapi? Rekodini dakika mbili tatu kwa simu, kwa Kiswahili chochote mnachozungumza nyumbani, mtutumie. Tutazicheza zote.